Sufuria Zisizoonjwa

Jumatano ya Majivu

Nani alikutuma uonje, wewe? Majivu ya padri hayajakauka kwenye paji la uso wako, tayari umeshika upawa, unapuliza, unalamba! Mke wa mwanangu, mbele ya watu! Katika jiko hili, Jumatano na Ijumaa za Kwaresima mpishi haonji kabla ya sala ya chakula. Tunapika kwa jicho na kwa mkono. Wale waliokuja kwenye mafungo wanakaa na njaa mpaka saa tisa, wewe ni nani uwatangulie?

Nimemwambia hivyo hivyo kwa sauti, na naandika hapa ili nisije nikasahau kwamba haki ilikuwa yangu. Yeye akasema, "Samahani, mama," akatazama sakafu. Ana tabia hiyo ya kutazama sakafu kama kuna kitu amekiangusha.

Walimu, watu mia na arobaini. Maharage, wali, kabichi. Mvua imeanza wakati wa sala, na mlio wake juu ya bati ukameza "amina" yetu yote.

Alhamisi

Daftari hili kanipa Sista wa stoo juzi Jumanne. Eti niandike kila siku tumepika nini na kwa watu wangapi, "ili atakayekuja baada yako, bibi, ajue pa kuanzia."

Atakayekuja baada yangu! Nilimtazama mpaka akaanza kuhesabu funguo zake. Miaka ishirini na sita nipo hapa, yeye ana mitatu. Sawa. Kurasa za mbele nitamwandikia maharage yake. Kurasa za nyuma ni zangu. Niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari.

Ijumaa

Hili nitaliandika kwa herufi ndogo.

Tangu ile homa ya kabla ya mvua sisikii ladha. Wala harufu. Mwanzoni nilisema ni mafua, nikayangoja yaondoke. Yameondoka, na yamekwenda na vitu vyangu. Wali mdomoni ni pamba yenye joto. Chai ni maji yenye rangi. Jana nilichukua punje nene ya chumvi nikaiweka katikati ya ulimi, nikafumba macho. Ikayeyuka polepole bila kuniambia kitu.

Mpishi asiyesikia chumvi ni nani? Ni mzee wa kukalishwa mkekani, apewe uji kwenye kikombe, aulizwe kwa sauti kubwa kama amelala vizuri. Nimewaona wenzangu. Sista akijua, kesho yake nipo mkekani.

Kwa hiyo leo nimetangaza jikoni kwamba mwaka huu nimeweka nadhiri: sitaonja kitu siku zote arobaini, si Jumatano na Ijumaa peke yake. Sista kanishika mikono yote miwili, machozi yamemlengalenga. "Bibi, wewe ni mfano kwetu." Nimedanganya ndani ya nyumba ya Mungu, na nimepongezwa.

Walimu wale wale. Wali, maharage.

Jumamosi

Mvua. Walimu wameondoka. Nimesugua masizi.

Jumanne, juma la pili

Wafanyabiashara wa sokoni, mia na ishirini. Hawa wanakula kama wanashindana.

Mchana, vyombo vikishaoshwa, nakaa juu ya gunia la mchele karibu na jiko la katikati. Mvuke haujatoka wote. Unaning'inia chini ya paa, mvua inaushika usitoke, na mwanga unaingia mlangoni ukiwa mweupe kama maziwa yaliyomwagwa ndani ya maji. Sufuria zile tatu kubwa zimeketi pale kama wanawake waliochoka. Saa hiyo ndiyo navuka, sijalala wala sipo macho.

Leo nilisikia harufu ya kitunguu. Nasema kweli. Kitunguu kinachogeuka rangi kwenye mafuta, pale kinapoacha ukali na kuanza utamu. Harufu ilikuja ikinitembelea usoni kama mkono wa mtu, na nyuma yake ikaja ya kuni kavu, na ya shati la marehemu mume wangu lililokuwa limeanikwa juani. Zilikuwa zimepanga foleni. Nikafungua macho nizipokee vizuri, nikakuta gunia, mvua, na mke wa mwanangu amesimama mbele yangu.

"Mama, unalia?"

"Ni moshi."

"Moto umezimika zamani, mama."

"Basi ni moshi wa jana! Umeshamaliza vifuniko?"

Alhamisi

Mchanja kuni kaniambia maharage ya juma hili ni matamu kuliko ya mwaka jana. Huyu mzee hutania tangu asubuhi mpaka jua linapotua, lakini kwa chakula hasemi uongo, tumbo lake halimruhusu.

"Bibi, mkono wako unajijua wenyewe," alisema. "Ningekuoa, basi tu mgongo wangu hautaki."

"Mgongo wako ushukuru. Ningeumalizia."

Nimefurahi, nisidanganye. Natia chumvi kidogo kwa sababu naogopa, ngumi moja ndogo kwenye sufuria ambayo zamani ilitaka mbili na nusu. Na bado ni tamu. Labda ni kweli mkono unajijua. Labda Mungu ameamua kunifichia.

Ijumaa

Kabichi.

Jumatatu, juma la tatu

Kina mama wa jumuiya, mia na hamsini. Mvua haijakatika tangu juzi. Kuni zimelowa, moshi umejaa, tunafanya kazi tukiwa vivuli. Naona mkono, naona mwiko, simwoni mwenye mkono.

Jumatano, juma la tatu

Leo nimemkamata.

Jiko langu lina sheria nyingi, lakini ya kwanza ni hii: chumvi hutiwa na mtu mmoja. Wawili wakitia, kila mmoja akidhani mwenzake hajatia, watu mia na hamsini wanakula bahari. Sheria hiyo nilimfundisha huyu binti siku ya kwanza aliyokuja kuolewa kwetu, kabla hata hajafungua begi lake.

Nilikuwa nimetoka kuita mtu wa kunisaidia kushusha sufuria. Nikarudi mapema. Ndani ya moshi nikamwona ameinama juu ya maharage yangu, ngumi imefungwa, anaifungua taratibu kama mtu anayemwachia ndege.

"Unatia nini?"

Akaruka. Punje nyeupe zikabaki kwenye vidole.

"Mama..."

"Unatia nini kwenye sufuria yangu?"

Akatazama sakafu. Hapo nikaona kila kitu wazi, au nilidhani nimeona. Anataka sufuria iharibike. Sista aseme bibi amezeeka, na "atakayekuja baada yako" yupo tayari, amesimama hapo hapo na chumvi mkononi. Nilisema maneno ambayo siyaandiki. Nilimwita nyoka, hilo naliandika kwa sababu mchanja kuni alilisikia na atalieneza. Nikamfukuza jikoni akaoshe vyombo nje, chini ya kile kibati kinachovuja, mpaka Pasaka.

Alikwenda. Hakusema hata neno. Mtu asiye na hatia si angesema neno?

Alhamisi

Ananiletea maji ya kuoga asubuhi kama kawaida. Nyumba yetu ni moja, vyumba viwili vinatazamana uani, mwanangu yuko kazini mbali. Tunapishana mlangoni, kimya. Maji yalikuwa ya moto vizuri. Sikumwambia.

Jumatatu, juma la nne

Wazee wa kanisa, tisini. Jikoni niko peke yangu. Nimetia ngumi mbili na nusu, kama zamani, maana sitaki tena kuogopa. Au zilikuwa tatu? Nilikuwa natazama mvua.

Jumatano

Mabakuli yamerudi matupu, lakini ukumbini kulikuwa na ukimya ambao siujui. Wamekunywa maji mapipa mawili.

Alhamisi

Ole wangu.

Leo padri katoa mahubiri, na mimi nimekaa benchi la nyuma nimevaa kitenge changu kizuri. Akasema, "Ndugu zangu, jikoni kwetu kuna mama anayetufundisha toba bila kufungua kinywa. Jumatatu alitupa chumvi, tukumbuke machozi. Jumanne alituletea chakula kisicho na chumvi kabisa, tukumbuke jangwa. Jana tena machozi. Nani kati yetu angefikiria kuhubiri kwa sufuria?"

Wazee tisini wakageuza vichwa. Wakanitikisia kichwa kwa heshima. Mmoja akanipungia mkono.

Nikabaki nimekauka kama ukuni. Jumanne sikutia kabisa? Jumatatu nilitia mara mbili? Watu wazima, wenye wajukuu, wamekaa wakala chakula kile siku tatu wakidhani ni ibada!

Nje, mchanja kuni alikuwa ameegemea shoka lake.

"Bibi," alisema, "mimi si mtakatifu kama hao. Niambie toba inaisha lini, ili nije na chakula changu."

Nikamjibu atoke mbele yangu. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani, kwenye matope, nilikuwa nafikiri juu ya majuma mawili yale ya mwanzo. Ngumi moja ndogo ya woga. Na maharage matamu.

Ijumaa

Sitaki kufikiri. Nimepima kwa kikombe leo. Hakuna aliyehubiri.

Jumanne, juma la tano

Wanakwaya, mia na sitini. Wanaimba wakila, wanaimba wakinawa. Sauti zao zinapita kwenye mvua zikifika jikoni zimelainika, kama watu wanaimba chini ya maji. Mchana nimevuka tena juu ya gunia. Niliota niko katika sufuria kubwa, maji ya uvuguvugu, na mtu fulani ananikoroga pole pole. Sikuogopa. Nilimuuliza, "Nimeiva?" Akasema, "Bado."

Alhamisi, juma la tano

Leo nitaandika yote.

Asubuhi mafuta ya jikoni yalikwisha. Stoo nikakuta dumu limejaa, limewekwa kwenye rafu ya vitu vya jikoni, pale pale pa siku zote. Nikabeba. Rangi ni ile ile, utelezi ni ule ule. Nikamimina, vitunguu vikaingia, vikapiga kelele zao, vikageuka rangi. Kabichi, karoti, kisha maharage yaliyochemshwa. Sufuria tatu. Moshi wa kuni mbichi ulikuwa mzito hadi mchanja kuni alirusha mzigo wake mlangoni bila kuingia. Mimi nilikuwa nimetulia. Kwaya inaimba, mvua inanyesha, mwiko unazunguka. Nilijisikia vizuri kuliko siku zote za Kwaresima.

Mke wa mwanangu akaja na vifuniko. Akasimama mlangoni. Nikamwona anainua uso, pua juu kama mnyama aliyesikia kitu.

"Mama, umepikia nini?"

"Rudi kwenye vyombo vyako."

"Mama, mafuta ya taa!"

Sikuelewa. Nilidhani anaomba ya taa ya nyumbani. Akaingia, akachukua ukuni mrefu, akaupachika chini ya ukingo wa sufuria ya kwanza, akaisukuma kwa mwili wake wote. Ikaanguka. Maharage ya watu zaidi ya hamsini yakatambaa sakafuni mpaka miguuni kwangu. Akaenda ya pili. Nikainua mwiko. Ndiyo, niliuinua, na ningempiga, Mungu ananijua. Lakini wanakwaya walikuwa wamekimbilia kelele, wamejaa mlangoni, na niliwaona: wote wamefunika pua kwa mikono. Kila mmoja. Mama mmoja alikuwa anatapika kwenye mvua.

Jikoni mwangu kulikuwa na harufu iliyomjua kila mtu isipokuwa mimi.

Mwiko ulishuka wenyewe.

Sista kaja mbio, funguo zinalia. "Nani amemimina haya mafuta? Nani?"

Nilifungua kinywa. Yeye akanitangulia.

"Ni mimi, Sista," mke wa mwanangu alisema. "Nililijaza dumu la jikoni bila kunusa. Mama hakujua."

Alikuwa na maharage mpaka magotini. Safari hii hakutazama sakafu. Alinitazama mimi, akatikisa kichwa kidogo sana: nyamaza.

Na mimi, mimi mwenye mdomo wa kumkemea hata padri, nikanyamaza.

Sista kamwambia avue aproni aende nyumbani, asirudi. Watu mia na sitini walikula mkate na chai. Wakaimba.

Ijumaa

Ameleta maji ya kuoga. Moto vizuri.

Jumapili ya Matawi

Wanawake watatu wa kanisani wanamsema njiani. Eti alitaka kuua watu. Eti mkwe wake alimwonya. Nilipita nikasalimia.

Jumanne Kuu

Sista amenipa msaidizi wa jumuiya, anakata karoti kama anachonga penseli. Pasaka watakuja mia nne, kuna ubatizo. Sista anasema, "Bibi, tunakutegemea wewe tu."

Nimekaa kwenye gunia mchana huu na sikuvuka popote.

Alhamisi Kuu

Leo asubuhi, aliponiletea maji, sikumruhusu aondoke. Nilisimama mlangoni.

"Ulijua tangu lini?"

Akaweka ndoo chini. "Tangu juma lile ulilopona, mama. Ulikunywa maziwa yaliyochacha kikombe kizima. Hukukunja uso. Ukasema, 'Haya ndiyo maziwa.'"

"Na chumvi?"

"Ulikuwa unatia kidogo. Nikawa naongeza ukitoka. Siku ya majivu nilionja kwa sababu hiyo."

"Mbona hukusema nilipokuita nyoka?"

Akafikiri. Kwa nyuma yake mvua ilikuwa imepungua, na mvuke wa ndoo ukapanda kati yetu, uso wake ukaja ukaenda.

"Ningesema mbele ya mchanja kuni?" aliuliza. "Habari ingefika stoo kabla ya mimi kufunga mdomo. Na ungekaa mkekani, mama, ungetumaliza sote kwa maneno."

Nilicheka. Sikutaka. Kisha nikaona aibu ya kucheka, nikaingia ndani kuoga, na maji yalipoa juu yangu nikiwa bado nimesimama.

Ijumaa Kuu

Kufunga. Sikuandika za mbele wala za nyuma. Naandika tu kwamba nimeamua, na naogopa.

Jumamosi Kuu, asubuhi

Nimekwenda stoo kabla ya saa mbili. Sista alikuwa anapanga magunia ya kesho. Sikukaa ingawa alinivutia kiti.

"Mafuta nilimimina mimi," nilisema.

"Bibi, usimbebee mzigo..."

"Ngoja nimalize, wewe mtoto! Nilimimina mimi, kwa sababu sisikii harufu. Wala ladha, tangu homa. Nadhiri ilikuwa uongo. Mahubiri ya padri ni uongo, wale wazee walikula makosa yangu. Na maharage mnayoyasifu majuma mawili ya kwanza ni chumvi ya mke wa mwanangu, niliyemfukuza, na wewe ukamfukuza tena. Nimemaliza. Sasa sema."

Alikaa yeye kwenye kile kiti. Uso ulimtoka rangi. Akainuka, akafungua kabati la chini, akatoa lile dumu.

"Nililijaza mimi," alisema. "Lilikuwa la mafuta ya taa, nikalisuuza mara tatu, nikanusa, nikaona limetakata, nikatia ya kupikia. Sikuwa na jingine. Siku ile aliposema ni yeye, nilijua si yeye. Nikamwacha aseme."

Tukatazamana. Mwanamke mwenye funguo na mwanamke mwenye mwiko, na katikati yetu dumu. Nilitaka kumkemea, maneno yalikuwepo, mazuri, makali. Nikayameza. Nilikuwa nimefanya vilevile, tena mimi ni mama yake.

"Nani atapika kesho?" aliuliza. "Mia nne, bibi."

"Unamjua."

"Atakubali kurudi?"

"Hilo niachie. Wewe leo, baada ya ibada, simama mbele ya wale wanawake watatu wanaomsema njiani na useme ulichoniambia. Nitakuwepo. Usipoweza, nitakusaidia kusema, na mimi nikisaidia husikika mpaka barabarani."

Nimerudi kwa miguu. Mvua imeacha. Matone yanashuka kwenye paa moja moja, na uani pameangaza kama sahani iliyooshwa. Nimemkuta kizingitini anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa chini kando yake, nikaanza kuchagua upande wangu. Mawe, pumba, mawe.

"Nimemwambia Sista."

"Umemwambia nini?"

"Yote. Hata maziwa."

Vidole vyake vikasimama. "Mama! Sasa atakutoa."

"Amenitoa kwenye chumvi. Kwenye vitunguu bado nipo, machozi yangu ni mazima."

Akacheka bila sauti, mabega tu. Kisha akasema, "Mimi naogopa. Mia nne. Sijawahi kupika mia nne nikiwa mbele."

Nilikuwa na neno nililolibeba tangu stoo, na ni zito, sijalizoea. Nikalisema nikitazama mchele. "Nilikukosea."

Alisogeza ungo, ukawa nusu magotini pake, nusu magotini pangu, tukachagua mpaka ukaisha. Ndipo nilipochukua daftari hili niandike, na yeye bado amekaa hapo, anatazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Wewe, usinitazame, naandika. Maharage hayajalowekwa na saa nne imepita. Inuka, funga kitambaa kichwani, tangulia jikoni, na kabla hujagusa chumvi nusa kila dumu lililo kwenye rafu ile, moja baada ya jingine. Lenye shaka litoe nje ulitoboe.